Meza ya Kwanza ya Mama

Kaka yangu Lennox ni Mmeksiko. Msiniulize tangu lini, kwa sababu alizaliwa Kapsabet, hospitali ileile niliyozaliwa mimi, miaka sita baada yangu, na mpaka anatua Birmingham hakujua hata Meksiko iko upande gani wa dunia. Lakini alimwoa Maricruz, mwanamke wa Puebla aliyekuja huku kutunza wazee, na siku ya harusi akajitwalia nchi nzima. Ana kofia pana kama ungo. Ana sharubu. Akipokea simu anasema "Bueno," na ukimuuliza ni nini hiyo anakujibu, macho makavu, kwamba kwetu ndivyo tunavyoitikia simu. Kwetu!

Wako watu wanaojua kumcheka mtu kimoyomoyo. Mimi namcheka nikiwa nimemkodolea macho. Siku za kazi anaendesha gari la vifurushi, na mwisho wa wiki anakodi ghala huko Digbeth kwa sherehe za Kimeksiko, anawapaka Waingereza rangi usoni wafanane na mafuvu, anawaita "familia."

Maricruz mwenyewe huwezi kumjua ni wa wapi mpaka akwambie. Hana kofia. Kila mwisho wa Oktoba anatoka Winson Green kwa miguu hadi dukani kwa Sukhvinder, ambaye huleta mashada ya maua ya njano kwa ajili ya Diwali, anachukua mawili aliyowekewa, kisha anarudi nyumbani kuandaa meza ya wafu. Meza ya kawaida tu, pale sebuleni, yenye kitambaa cheupe, mishumaa, maji, chumvi, mkate na picha za marehemu wao. Kwao wanaamini marehemu hurudi siku hizo, mara moja kwa mwaka, kuja kula na watu wao. Mimi ni nesi, tena ni shemasi wa kanisa letu la Wakenya. Watu wazima kumpikia maiti! Niliwadharau wote wawili, ila Maricruz nilimdharau kwa adabu, kwa sababu ni mkarimu.

Mwezi wa Februari mwaka huu mama yetu akafariki. Lennox hakwenda kumzika. Alisema pasipoti yake iko kwa watu wa uhamiaji. Maricruz akafungua droo, akaitoa pasipoti, akamwekea mezani, na huyo mwanamume akaanza kupiga domo kuhusu tarehe za ndege. Nikaenda peke yangu. Nilisimama mbele ya watu mia nne na kipaza sauti, nikasoma risala niliyoiandika mwenyewe. Nikaeleza maombi ya Mama, shamba lake la chai, na kikombe chake cha mursik kila asubuhi, yale maziwa yetu ya mgando yanayolazwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa. Watu walitikisa vichwa kukubali. Mwanamke mmoja kiti cha mbele, jirani yake Mama, alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa, nikadhani ni uchungu.

Oktoba ilipofika Maricruz akanipigia.

"Wifi, this year ni meza ya kwanza ya Mama. Kwetu, mwaka ya kwanza lazima ikuwe sawa. Kila mtoto alete kitu Mama alipenda kula. Akirudi asikipate, anaenda na njaa."

"Maricruz, Mama yuko kwa Bwana. Huko hakuna njaa."

"Sawa, wifi. But utaleta?"

Nikasema nitaleta. Si kwamba niliamini. Nisingevumilia tu isemwe kwamba Lennox alimjua Mama kuliko mimi.

Jumamosi alasiri nilikwenda Digbeth nikajionee kwa macho yangu. Picha ya Mama, ile ya kitambulisho, ilikuwa imekuzwa ikawa kubwa kama mlango, imezungukwa na mafuvu ya karatasi, na chupa ya tekila imesimama chini ya kidevu chake. Mama aliyekataa keki ya Krismasi kwa sababu alisikia harufu ya mvinyo! Lennox alikuwa amepakwa uso mweupe, ameshika kipaza sauti. "My mother," akasema, "she loved a party." Wakashangilia. Mama yetu alikuwa analala saa mbili usiku. Nilitoka bila kuaga, na kama si ushemasi wangu ningetema mate palepale mlangoni.

Jumapili baada ya ibada nikaenda Winson Green nimepakata kibuyu kwenye basi. Nilikipata kwa Beverly wa Coventry, ambaye bado anatengeneza mursik ya kweli. Nilimkuta Lennox sebuleni, rangi nyeupe haijamtoka nyuma ya masikio. Alikuwa ameleta ileile chupa ya tekila ya jana, imefika nusu.

Nikamtazama juu chini. "Hiyo ndiyo Mama alipenda?"

"Sista, ni symbolic."

"Symbolic ndiyo nini? Mama alikunywa pombe lini, wewe?"

"Sasa ningeleta nini? Nilitoka nyumbani nikiwa nineteen. Sikumbuki." Akafikiri. "Ugali?"

"Ugali anakula kila mtu! Mama yako mzazi, na hujui alipenda kula nini. Kazi ni kuvaa makofia."

Akaivua ile kofia, akaiweka sakafuni, akaketi. Nilisikia raha, siwafichi. Nikakitua kibuyu changu katikati ya meza, chini kabisa ya picha ya Mama, pahali pa heshima.

Maricruz alinishukuru. Kisha akakisogeza kibuyu pembeni kwa mikono miwili, taratibu, akaingia jikoni. Akarudi na kikombe cha soda ya machungwa inayotoa mvuke, na kwenye kisahani ganda la mkate, ile ncha ambayo watoto huikataa. Akaviweka katikati.

"Hiyo ni ya nani?" nikauliza.

"Ya Mama."

Nikacheka kwa sauti. "Soda ya moto? Hayo ni ya Puebla, mpenzi. Mama alikuwa Mnandi."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Wifi, mimi Kiswahili sina. Wakati niliolewa nilijua kitu moja tu ya kuuliza: Mama, umekula nini? So kila Sunday nilimpigia, nikauliza hiyo. Nine years. Alisema soda ya machungwa. Anapasha kwa sufuria, sababu baridi inauma meno. Na ganda ya mkate, anachovya ndani. Alisema ni siri, kwa sababu ya sukari."

"Na mursik?"

Akayapanga maua ambayo tayari yalikuwa yamepangwa. "Mursik aliacha, wifi. Tumbo ilikataa, long time. Kibuyu aliweka kwa sababu yako, ukikuja asikuvunje moyo. Ukirudi huku, anampatia jirani."

"Mbona hakuniambia?"

"Hukuuliza," akasema, kama mtu anayekutajia saa.

Mimi pia nilimpigia Mama kila wiki. Presha ni ngapi? Dawa umemeza? Daktari alisemaje? Presha yake ya mwisho ninayo kichwani hadi leo, mia na sitini na mbili kwa tisini na nne. Nikamkumbuka yule jirani kiti cha mbele, aliyekunywa mursik ya Mama miaka yote ile, akinisikiliza nikiwaambia watu mia nne jinsi Mama alivyoipenda.

Maricruz aliwasha mishumaa na ubani. Lennox alikuwa akiitazama picha ya Mama pale ukutani, machozi yanamtiririkia kwenye sharubu zake za kijinga. Nikainuka. Nikakitoa kibuyu changu mezani mwenyewe, nikakiweka sakafuni, kando ya kofia yake.