Kichaka Walichokikwepa Kanga

Miaka ya vita vya Shifta, wale waasi wa kaskazini, nilikuwa nikiuza miraa Isiolo, na kama Wameru wengi waliokuwa na biashara pale mjini, sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kungoja. Miraa ilishuka kutoka milimani bila shida, lakini wateja wangu wakubwa walikuwa kaskazini, na barabara ya huko ilipitika kwa msafara wa wanajeshi tu. Kuna wiki msafara haukutoka kabisa. Miraa ikikauka haina mnunuzi. Nyama nayo ilikuwa imeadimika, maana wafugaji walikuwa wamekusanywa na serikali kambini pamoja na mifugo yao. Ndipo mimi na jirani yangu tulipoanza kutega kanga.

Jirani huyo alikuwa Mturkana wa Ngaremara, mchoma makaa, aliyepanga chumba kilichopakana na changu. Tulijuana kwa salamu na kuazimana chumvi, lakini hatukuaminiana. Siku zile ukinyamaza, watu walisema unaficha jambo. Ukiuliza maswali, walisema umetumwa. Mimi nilijiuliza mtu huyu anawezaje kuingia porini kila mara na kurudi salama. Yeye, kama nilivyokuja kujua, alijiuliza kwa nini askari walisimama mlangoni pangu jioni. Walikuja kununua miraa tu, lakini ningemthibitishia vipi?

Kwetu milimani nilizoea kujificha kwa majani mabichi. Isiolo jani bichi ni kama bendera, kwani kila kitu kina rangi ya vumbi. Kwa hiyo tulichukua magunia, tukayasugua kwa majivu na mavi ya mbuzi yaliyolowekwa mpaka yakafanana na ardhi, tukayatoboa matundu ya kupitisha kichwa na mikono. Usoni tulipaka tope. Hatukukaa nyuma ya kichaka, kwa sababu aliye nyuma hana budi kuchungulia, na kanga huona haraka kichwa kinachosogea. Tulikaa mbele yake, upande wa kivuli, tumeegemea matawi bila kutikisika.

Mtego wenyewe ulikuwa ukuta mfupi wa miiba kando ya laga, ule mto wa mchanga ambao maji yake huchimbwa. Tuliacha mianya ukutani, na katika kila mwanya kitanzi cha waya. Kanga wakishashuka kunywa kwenye visima vya mchangani, tulisimama ghafla. Kanga akishtuka hukimbia kwanza, kuruka baadaye, na mbio hizo ndizo zilizompeleka kwenye waya.

Shida ni kwamba kadiri tulivyojificha vizuri ndivyo tulivyozidi kuonekana wabaya. Wanajeshi wangetuona shifta, na shifta wangetuona wapelelezi wa serikali. Jirani aliniambia kwamba mmoja wetu akipigwa risasi ndani ya gunia lile, hakuna atakayeuliza alikuwa nani.

Asubuhi moja kanga walishuka kama kawaida, wakiongozwa na jike mzee. Walipofika karibu na kichaka kimoja ng'ambo ya laga, jike akasimama, akainua shingo, akakizunguka kwa mbali. Wengine wote wakamfuata, wakakikwepa vilevile. Jirani akanigusa kifundo cha mguu. Nilikuwa nimeshaona. Kulikuwa na mtu mle.

Hatukusimama, wala kanga hatukuwafukuza. Walikunywa wakaondoka, na sisi tukabaki kutazama kichaka kile huku jasho likichuruzika chini ya tope. Niliwaza bunduki. Kisha nikawaza jambo lililonitisha zaidi: kwamba labda jirani anamjua mtu huyo, na mimi ndiye niliyeletwa mtegoni. Nilipomtupia jicho, naye alikuwa ananitazama mimi.

Mwishowe matawi yakasogea na mkia wa ng'ombe ukapiga nzi. Halafu akatoka mwanamke wa Kiborana, amejipaka tope kama sisi, mkono mmoja umeziba mdomo wa ng'ombe asilie. Kengele ya shingoni ilikuwa imeshindiliwa nyasi.

"Mimi naona nyinyi tangu juzi," alisema kwa Kiswahili chake cha taratibu. "Mti hii yenu nakohoa."

Jirani ndiye aliyekuwa na kikohozi, cha moshi wa makaa.

Alitueleza kwa ufupi. Ng'ombe wa kwao walikuwa wamekwisha, na huyu alimtorosha ili watoto wake wapate maziwa. Hakusema watoto wako wapi, nasi hatukuuliza. Aliyekutwa nje ya kambi na mfugo alihesabiwa kuwa anawalisha shifta, basi. Alikama maziwa kidogo kwenye kibuyu akatukaribisha. Jirani alikataa. Mwanamke akanywa yeye kwanza, akafuta mdomo, akatunyoshea tena kibuyu. Tukanywa.

"Mkisema, mmeua watoto," alituambia, kisha akarudi kichakani.

Tulitembea mpaka tulipoyaona mabati ya mji.

"Askari wanakuja kwako," jirani akasema.

"Na wewe nani anakupisha porini?"

Tulipofika, kila mmoja aliingia chumbani kwake akafunga mlango.

Siku chache baadaye askari walinijia, si kwa miraa safari hii. Mtu alikuwa ameripoti kwamba tunatoka alfajiri tumevaa kama shifta. Nikaamini ni jirani. Nilipoulizwa tunategea wapi, nilisema upande wa Leparua, mbali kabisa na ile laga. Waliniweka mahabusu. Jioni wakamleta jirani, shavu limevimba.

"Mmoja wenu ni mwongo," askari alisema. "Huyu anasema Leparua, huyu anasema barabara ya Kinna."

Naye alikuwa amedanganya. Kinna ilikuwa upande mwingine kabisa, na laga ile haikuwa Leparua wala Kinna. Jirani aliinamisha kichwa, na nikaona mabega yake yakitikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, kimyakimya, na shavu lake lile.

Uongo wetu usiolingana ulitugharimu makofi na siku kadhaa za kulala sakafuni. Hatukubadilisha neno. Mwishowe mmoja wa wateja wangu wa miraa akatudhamini, magunia yakachomwa mbele yetu, tukaonywa tusionekane tena porini. Jirani alikula kwangu jioni hiyo. Tulizungumza habari za mahindi na mvua. Ya laga hatukuyataja, kwa sababu ukuta uliotutenganisha na mpangaji wa tatu ulikuwa wa mbao.

Nani alituripoti, sikuwahi kujua. Kwa muda mrefu nilimshuku mpangaji huyo, kisha muuza nyama, kisha hata yule aliyetudhamini, maana sikujua aliambiwa na nani kwamba tumekamatwa.

Mvua iliponyesha nilipata sababu ya kupita karibu na laga. Mafuriko yalikuwa yameubeba ukuta wetu wa miiba. Kichakani nilikuta mavi ya ng'ombe ya zamani, yamelainika kwa mvua, na mahali penye nyasi zilizolaliwa. Sikuona damu, wala maganda ya risasi. Nilitafuta kwa makini, nikageuka mara nyingi kuhakikisha hakuna anayenitazama, nikarudi mjini kwa njia nyingine.