Sinia Juu ya Gari

Jana yake nilizungumza redioni, na nisiseme uongo, nilijipenda. Barabara ya Jambiani ilikuwa imetiwa lami mpya, na madereva wakaomba waruhusiwe kwenda mbio zaidi. Mimi, mwalimu wa udereva, nikapinga kata kata. Nendeni pole pole, nikawaambia, na kabla hujaondoka izunguke gari yako uikague.

Asubuhi nikatoka mjini kwenda Jambiani kwa wakwe zangu. Mke wangu alikwisha tangulia, kaniachia mkate wa mayai kwenye sinia, umefunikwa kwa kawa, niupeleke bila ya kuuvunja.

Nikaenda mwendo wa bi harusi. Njia nzima watu wakanipungia mikono na kunipigia honi. Wengine wakanyoosha kidole juu, nikajua wananiombea kwa Mungu kwa maneno yangu ya redioni. Nikawapungia na mimi, kisha nikapunguza mwendo zaidi ili wajifunze.

Mama mkwe alinipokea nje, mashemeji nyuma yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Jana tulikusikia."

Nikafungua mlango wa nyuma kwa madaha nitoe sinia. Kitini pana mwavuli tu. Hapo nikakumbuka nilipokuwa natafuta ufunguo mfukoni, sinia nililiweka wapi.

Mama mkwe akanyoosha mkono kwenye keria juu ya gari, akaliteremsha, akafunua kawa. Mkate mzima, hauna hata ufa.

"Mwanangu," akasema, mashemeji wakiwa hoi kwa kicheko, "kwa mwendo huu ungeubeba kichwani. Ungefika mapema."