Mtu Niliyemnyima Meza ya Bwana

Jumamosi ile tulikutana wazee watano wa kanisa, kijijini kwetu milimani juu ya Bukavu, Kongo, kuamua kama Bisimwa arudishwe kwenye Meza ya Bwana. Alikuwa jirani yangu. Shamba lake lilipakana na langu. Alikuwa amesimamishwa miezi sita kwa sababu ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Tulijua sote kwamba alishaacha kunywa. Mimi nilisema hapana. Nilisema agano la Mungu si mlango wa soko, kila mtu aingie na kutoka. Wenzangu hawakunipinga, shauri likaishia hapo. Nilirudi nyumbani nikala maharagwe na mke wangu, moyo umetulia kabisa.

Jumatatu asubuhi risasi zilianza kulia upande wa mto. Tulikimbia na tulichoweza kubeba. Mbele yetu barabarani alikuwa Bisimwa na mkewe, Mama Josué, na watoto wao wanne. Hatukusalimiana.

Kwenye daraja kulikuwa na kizuizi. Watu wenye bunduki walichagua wanaume wa kuwabebea masanduku ya risasi. Mmoja alinishika shati.

"Wewe. Toka hapa."

Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane. Alikaa chini barabarani.

Bisimwa aligeuka.

"Acha huyu," alisema. "Bibi yake iko karibu kuzaa. Mimi niko na nguvu kumupita."

Yule mtu alimpima kwa macho, akaniachia.

Bisimwa akatwikwa sanduku, akapanda nao mlimani. Hakuniangalia. Mimi nilimwinua mke wangu.

Hakurudi.

Sasa tunaishi Durban, Afrika Kusini, ghorofa ya saba hapa Albert Park, na mimi nafanya kazi kwenye ghala moja la Clairwood. Aline, mtoto aliyezaliwa wiki tatu baada ya daraja, anasoma chuo. Mchungaji wetu hapa anapenda kuhubiri ukombozi: kuna aliyesimama mahali petu, basi tushangilie. Watu hupiga makofi. Mimi hutoka nikasimama kwenye ngazi.

Mwaka huu nilimfuata baada ya ibada, nikamweleza yote. Akanishika bega.

"Papa, hiyo ni neema. Pokea tu."

Kisha akatazama simu yake. Nilitembea kwenda nyumbani na hasira, nikavuka taa nyekundu ya barabarani, robot kama wanavyoiita hapa, bila kuiona, dereva wa taxi akanitukana kwa Kizulu.

Siku hiyo hiyo nilimpigia Mama Josué. Yuko kambini Burundi mpaka leo. Nilimwambia habari ya kikao kile, jambo nililomficha miaka yote.

"Alijua," akasema. "Mzee mumoja alikuya kumwambia siku ya Mungu, Jumapili ile."

"Alijua, na bado akasema vile darajani?"

"Papa Aline, mimi nilimukasirikia yeye kuliko wewe. Nilikuwa na watoto wane. Hakuniuliza."

 Akaniuliza hali ya Aline, akaniaga.

Naamini agano la Mungu halivunjiki, na kwamba Kristo alinikomboa. Hapo sina shaka. Lakini Bisimwa hakufufuka siku ya tatu. Mke wake amelea watoto wanne peke yake chini ya turubai. Kila Jumapili namwomba Mungu anieleze hii ni hesabu gani, na nikiamka Jumatatu naenda kazini.