Tarakimu Zisizotulia

Vumbi likipata moto ndani ya kompyuta lina harufu yake, kitu kati ya pasi iliyosahauliwa juu ya kitambaa na karanga zinazoanza kuungua. Juzi harufu hiyo ilinijia mezani kwangu, feni ikivuma kwa nguvu, na badala ya kuzima mashine nilibaki nimekaa. Nilikuwa tena na miaka kumi, katika sebule yetu nyembamba ya Handsworth, ughaibuni, na Tantine Riziki alikuwa mbele ya skrini, kidevu mkononi.

Tantine alikuwa dada mdogo wa baba. Sisi watu wa Bukavu shangazi tunamwita hivyo. Alitafiti na kufundisha fizikia katika chuo kikuu kilichokuwa upande wa pili wa jiji, na kwa kuwa nyumba ilikuwa ndogo, mimi na yeye tulilala chumba kimoja. Alikokotoa umbo la viini vya atomu. Hakuvipasua wala kuvitazama kwa mtambo wowote. Vyombo vyake vilikuwa kalamu, karatasi na programu alizoziandika mwenyewe. Kanisani, Mama alipoulizwa wifi yake anafanya kazi gani, alijibu, "Anafikiri," na watu wakamwonea huruma.

Kabla ya kwenda kufundisha, alilijaribu somo lake kwangu. Nilikaa kwenye kochi kama wanafunzi wake wote kwa pamoja, naye akatembea kutoka dirishani hadi mlangoni akieleza. Nilichokielewa ni mfano wa kwaya. Kwaya ya kanisa letu haikuwa na kinanda. Mmoja alitoa sauti, wa pili akaifuata, wa kwanza akajirekebisha kwa kumsikia wa pili, wa tatu akawavuta wote, mpaka ikafika mahali ambapo hakuna tena aliyehitaji kusogea. Ndani ya kiini ni hivyo hivyo, alisema. Kila chembe inakwenda jinsi zilizobaki zinavyoivuta, na zilizobaki zinakwenda jinsi hiyo moja inavyozivuta. Huwezi kujua ya mmoja kabla ya kujua ya wote. Basi unakisia, unakokotoa, unachukua jibu na kulirudisha mwanzoni, unakokotoa tena, mpaka jibu liache kubadilika.

"Kwa hiyo unaanza na kosa?" nilimwuliza.

"Lazima, mama. Bila kosa la kwanza huna pa kuanzia."

Sikulala vizuri siku hiyo. Naomba mnielewe: nilikuwa mtoto wa kifutio. Nilifuta herufi iliyoinama, nikafuta jibu sahihi kwa sababu saba yake ilifanana na moja, nikafuta mpaka karatasi ikatoboka, kisha nikalia kwa ajili ya tundu. Kwamba mtu mzima anaweza kuanza na kosa kwa makusudi, na akalipwa mshahara, lilikuwa jambo la kutisha.

Mkataba wa Tantine ulikuwa unaisha kiangazi hicho. Ili apate mwingine, ilibidi atume matokeo ya hesabu moja pamoja na maombi yake, mwisho Ijumaa. Asipotuma angetafuta kazi mji mwingine. Hilo nililisikia akimwambia Baba jikoni. Mashine kubwa za chuo zilikuwa na foleni ndefu, kwa hiyo hesabu hiyo aliiendesha nyumbani, kwenye kompyuta aliyoivua mfuniko ili ipumue. Mstari baada ya mstari, tarakimu zilipanda kwenye skrini. Nilikuwa nikizitazama kama watoto wengine wanavyotazama katuni.

Jumatatu, niliporudi kutoka shuleni, feni ilikuwa kimya. Hesabu ilikuwa imefika. Programu huwa imeambiwa isimame wakati gani: mabadiliko yakishakuwa madogo kuliko kikomo fulani, basi, imetosha. Mama alikuwa ameshabandika sombe, kisamvu chetu, kwa furaha. Mimi nilirukaruka kwenye kochi. Tantine alilitazama jibu kwa muda mrefu, akainama kwenye kibodi, akakipunguza kikomo.

"Bon, ngoja nihakikishe," alisema, na feni ikaanza kuvuma.

Jumanne ilisimama tena, naye akakipunguza tena. Mama alipita na sufuria akauliza, "Profesa, iko inatafuta nini bado?" Tantine akajibu kwamba haraka haraka haina baraka. Mama akamwambia ngoja ngoja huumiza matumbo. Walikuwa wakipigana kwa methali hivyo kila siku, na kwa kawaida nilicheka.

Jumatano haikusimama. Mwanzo wa kila namba ulikuwa umetulia kama jiwe, lakini kule mwishoni kabisa tarakimu mbili tatu zilichezacheza, zikienda na kurudi, bila kukua wala kupungua. Alhamisi zilikuwa bado zinacheza. Tantine aliacha kula mezani. Alikaa pale na shali yake mabegani huku mabasi ya Soho Road yakitikisa kioo cha dirisha, na mimi nikakaa sakafuni miguuni pake nikifanya hesabu za shule, au tuseme nikizifuta.

"Acha kufuta, mama," alisema bila kugeuka. "Andika jibu, uendelee mbele."

Nilimjibu kwa Kiingereza, kama tulivyozoea sisi watoto kuwajibu wakubwa, kwamba mbona yeye haendelei.

Aligeuka. Nilidhani nitagombezwa. Aliangalia karatasi yangu yenye tundu, kisha skrini yake, na kwa dakika moja hivi sikujua nani kati yetu angelia. Mama akasema kutoka jikoni, taratibu, "Sombe nayo ingeweza kuendelea kuiva, wifi yangu. Lakini watu wana njaa."

Tantine akatabasamu. Akarudi kwenye skrini. Ijumaa ikaja ikapita, na tarakimu zikiwa bado zinacheza.

Alituma Jumatatu iliyofuata. Walimjibu kwa adabu sana kwamba nafasi ilikuwa imeshapata mtu. Mwisho wa kiangazi tulimsindikiza kituo cha mabasi cha Digbeth, akafundishe kaskazini, mji wenye upepo. Alinikumbatia kwa nguvu, akaninong'oneza sikioni, "Jibu lilikuwa lile lile la Jumatatu ya kwanza. Lile lile, mama." Alicheka, nami nikacheka kwa kumfuatisha. Nilidhani ni mzaha wa wakubwa. Chumba kilikuwa kipana mno usiku ule.

Kuandika programu nimejifunza mwenyewe, kwa vitabu vya maktaba na kwa ukaidi. Sina mwalimu wa kuniambia nimefika, na hilo kwa mtu kama mimi ni ugonjwa. Juzi, harufu ya vumbi iliponijia, nilikuwa na hesabu yangu iliyokataa kusimama, na kule mwishoni tarakimu zilikuwa zinacheza. Nilimpigia Tantine. Hakusubiri nimalize. Kompyuta, alisema, inashika tarakimu kadhaa tu za kila namba. Ukiidai zaidi ya inazoshika, zile za mwisho ni kelele, si jibu, na zitacheza mpaka kiama. "Wanafunzi nawafundisha hilo wiki ya pili," aliongeza.

Nikamwuliza kama wakati ule, Handsworth, alikuwa analijua.

Nilimsikia akivuta kiti na kuketi.

"Nilikuwa nalifundisha," alisema. "Asubuhi nalifundisha, jioni narudi kupunguza kikomo. Niliogopa kusimama, Neema. Ukisimama unatoa jibu, na ukitoa jibu wanakuona."

Miaka yote hiyo nilikuwa nimezilaumu zile tarakimu kwa kutunyang'anya Tantine. Kumbe hazikuwa na kosa. Kifutio nilikuwa nacho mkononi wakati huohuo. Huwa nakishika ninapofikiri, ingawa siku hizi siandiki kwa penseli.

"Kikomo chako umeweka ngapi?" aliuliza.

Nikamtajia.

"Kidogo mno. Kiongeze, halafu nenda ukale."

Nilikiongeza. Mistari michache ikapanda, na feni ikanyamaza. Sikuinuka papo hapo. Nilikaa nikiusikiliza ule ukimya, vidole vikiwa bado juu ya kibodi, mpaka njaa ikaniinua.