Kompyuta Iliyokuwa Ikirudi Mwaka 2010

Mzee Hesbon Walubengo alikuwa karani wa shule kwa miaka thelathini na moja. Alipostaafu walimpa ile kompyuta ya mezani aliyoitumia, kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Anaishi peke yake karibu na soko la Chwele. Mkewe alifariki mwaka jana, na siku ya mazishi Walubengo aligombana na binti yake wa pekee, Nekesa, juu ya mahali pa kuchimba kaburi. Walitupiana maneno mabaya mbele ya watu. Nekesa alirudi Kanada kazini, na alichosema akiondoka ni hiki tu: "Nikitulia nitakuandikia imeili, papa."

Wiki mbili baadaye kompyuta ikaingiwa na wazimu. Kila asubuhi iliamka ikidai ni tarehe mosi Januari 2010, na ukurasa wa barua ukakataa kufunguka. Nenosiri alikuwa amelihifadhi humo humo, na kichwani hakuwa nalo tena. Simu anayo, ya vitufe, lakini kumpigia Nekesa kwanza, ati yeye aliye baba? Hapana. Mzee huyu ana kichwa kigumu, na nasema hivyo nikimpenda.

Basi akaamini kwamba barua za Nekesa zimefungiwa nje. Imani hiyo ilimsaidia sana. Miezi minane alipika ugali wa mtu mmoja akijiambia kwamba mtoto anaandika, mashine ndiyo inayokataa.

Fundi wa Bungoma aliirekebisha tarehe, akaizima, akaiwasha, akaona iko sawa, akamrudisha mzee nyumbani. Alifanya hivyo mara mbili. Nyumbani ikarudi 2010. Mwishowe Walubengo akaifunga kwenye gunia na kuipeleka Kitale kwa Arafa, mama mwenye duka dogo la ufundi nyuma ya msikiti, akamweleza kwamba anangoja barua za binti yake Nekesa.

Arafa hakukimbilia bisibisi. Aliuliza kwanza.

"Ukimaliza kazi unazima aje, mzee?"

"Nazima, halafu natoa waya yote kwa ukuta. Si unajua radi ya kwetu? Saa nane wingu likishuka kutoka Elgon, hakuna mtu anaacha kitu kwa soketi."

"Kila siku?"

"Kila siku, mama. Hata kama hakuna wingu."

Arafa akacheka. Akaweka tarehe sahihi, akazima bila kuchomoa, akawasha: tarehe ikakaa. Akazima tena, safari hii akachomoa waya, akaagiza chai mbili. Walipomaliza kunywa akawasha. Januari 2010.

"Umeona? Waya ikiwa kwa ukuta, saa inapata moto kutoka huko. Ukitoa, inabaki na betri yake tu." Akafungua kasha, akaonyesha kitu cha duara kama shilingi ishirini kwenye bodi, akakipima. Kilipaswa kuwa na volti tatu. Kilikuwa na moja na nusu. "Huyu amekufa kitambo. Na mtandao ukiona mtu anasema ni 2010, unamkataa."

Akaweka betri mpya, akapanga saa, akachomoa waya, akangoja, akawasha. Tarehe ya leo ikakaa imara. Akaiunganisha na mtandao wa duka.

Walubengo akavuta kiti karibu, akavaa miwani. Barua zikaanza kumwagika: matangazo ya mbegu, ya mikopo, ya viatu, chama cha makarani wastaafu, viatu tena. Mia tatu na kumi na mbili. Akazipitia zote kwa kidole, polepole, kama alivyokuwa akisoma majina ya wanafunzi. Alipofika chini kabisa akarudi juu akaanza upya.

Arafa alisimama nyuma yake. Aliona. Akaandika jina la Nekesa kwenye kisanduku cha kutafuta. Haikutokea barua hata moja.

"Labda zingine bado zinaingia," Walubengo alisema.

Arafa akatazama router, kile kisanduku kinacholeta mtandao dukani. Taa zake zote zilikuwa kijani.

"Network ya leo iko chini, mzee," akasema. "Ngoja kidogo."

Walubengo alikuwa amezitazama taa hizo hizo.

"Asante, mama," akasema. "Nitangoja." Na akaketi pale mpaka Arafa alipoanza kufunga milango.