Nyumba Nilizozijaza Bila Kubisha Hodi

Siku ile bado ninayo kifuani, mwanangu, siku niliyokabidhiwa kalamu na bunda la karatasi pale kisiwani kwetu Chula, nikajiona nimekuwa mtu.

Nilikuwa kijana. Baba na mama walikwishatangulia mbele ya haki, nami, mkubwa wa watoto wanne, niliacha shule darasa la tano ili wadogo wale. Mwenye kulea wadogo huzoea kuwajibia. Mgeni akiuliza kama tumekula, mimi ndiye nisemaye tumekula, hata kama dada yangu Maimuna, anayenifuata, tumbo lake lasema mengine.

Wakaja watu wa taasisi moja ya utafiti kutoka bara. Kazi yao ilikuwa kuuliza wananchi wamepungukiwa na nini, kisha kuishauri serikali itengeneze vipi huduma zake: zahanati, maji, shule. Mkubwa wao alikuwa mama wa Kisomali aitwaye Hodan. Sote tulimwita abaayo, yaani dada. Alitaka kijana ajuaye kusoma na azijuaye nyumba, nikatajwa mimi. Asubuhi nzima alinifundisha. "Bisha hodi. Uliza. Ngoja. Andika walichosema, si unachokijua wewe."

Nilimwitikia vizuri. Lakini moyoni nilisema: nyumba gani ya mtaa huu nisiyoijua? Basi nikaketi kwenye baraza la msikiti, nikazijaza karatasi zote kwa kichwa changu. Huduma gani ianze? Gati, kwa sababu mimi mvuvi nilitaka gati. Mkunga yupo? Yupo, kwa sababu Bi Tuma ndiye aliyetupokea duniani mimi na kila mtu niliyecheza naye. Hata ya nyumbani kwetu niliijaza hivyo hivyo, na Maimuna alikuwa na mimba ya miezi minane. Wazee walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Mimi sikuwa kata, nilikuwa mpita njia.

Kesho yake Bi Tuma akaniita. Nikamkuta amekaa kitandani, akili yake kali kama zamani.

"Nasikia umekuwa karani. Jana umepita hapa hata salamu hukututupia."

"Nisamehe, Bi. Kazi ilikuwa nyingi."

"Mimi umeniandika vipi?"

"Nimeandika mkunga yupo."

Akacheka mpaka akakohoa. "Yupo! Wallahi yupo, hajafa. Haya, karani, niambie, shati lako la rangi gani? Maana mimi naona moshi."

Nikayatazama macho yake, yamefunikwa na ukungu.

"Tangu mfungo wa mwaka jana," akasema, na sasa hakuwa akicheka. "Mtoto wa mwisho nimemkata kitovu kwa kupapasa. Wanawake wote wajua. Nyinyi waume mwajuaje?"

"Mbona hamkusema, Bi?"

"Tumwambie nani? Karatasi ya kuuliza ulikuwa nayo wewe." Akanishika mkono. "Mficha uchi hazai, mwanangu. Sisi tulikuwa tayari kusema. Na dadako je, naye nimpapase?"

Mwanangu, nilitoka pale. Boti ya wageni ilikuwa iondoke alasiri, na karatasi zangu zilikwishafungwa. Kazi ile ndiyo iliyokuwa ikitulisha mwezi ule. Nilizunguka mtaa mara mbili kabla ya kumwendea Hodan.

"Abaayo, nyumba zangu nimezijaza mwenyewe."

"Ngapi?"

"Zote."

"Hata ya kwenu? Hapo ulimuuliza nani?"

"Nilijiuliza, nikajijibu."

Hakunigombeza; angenigombeza ningeona afadhali. Alisema tu, "Karatasi hizi zitasomwa na watu wanaopanga wauguzi waende wapi. Wakiona mkunga yupo, kidole chao kitairuka Chula." Akazirarua mbele yangu, akachukua kalamu, akaahirisha safari. Siku ya pili nilimbebea mkoba, nikabisha hodi, nikakaa nje, yeye akauliza. Nyumba baada ya nyumba nilisikia sauti za mama zetu: mkunga, mkunga, mkunga. Gati alilitaja mmoja tu, naye mumewe ni mvuvi.

Maimuna tulimpeleka mapema hospitali ya mjini Kismayo. Mtoto alitanguliza miguu, na madaktari walihangaika naye. Alhamdulillahi, wote wawili wapo. Chula mkunga alichelewa kuja. Wa kwanza alikaa kidogo akaondoka, wa pili akadumu. Serikali haikimbii, mwanangu, lakini haiwezi hata kutembea ikielekezwa njia ya uongo.

Nami sikusema uongo kwa ubaya. Nilisema kwa kujiona nawajua watu wangu, na huo ndio uongo mgumu kuuona. Basi nyinyi mnaoajiriwa leo kwenda kuuliza watu, na simu zenu za kisasa mikononi: mchu, ndivyo tumwitavyo mtu kwetu, hasemewi naye yupo hai. Mjue usimjue, bisha hodi. Muulize mama kabla ya mwenye nyumba, na umngoje anapokawia kujibu. Jibu likipingana na ujuavyo, liandike vivyo hivyo. Na ukikosea, rudi kabla karatasi haijafika mezani, hata kama kurudi kutakupotezea chakula chako.

Mola awape masikio yenye subira, awape ulimi usioona haya kusema nimekosa, na kila mlango mtakaoubisha ufunguliwe kwa heri. Amina.