Njia Aliyokatiwa Atuganile

Kuna siku moja ya ukungu ambayo hainitoki kichwani, mwanangu, na Jumamosi ilinirudia nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya sherehe. Ulikuwepo, uliniona. Ulidhani babu yako amesinzia. Macho yalikuwa yamefumbwa, siwezi kukataa, maana hotuba ya tatu ilikuwa ndefu na mvua ya Tukuyu ilikuwa inabembeleza bati la ukumbi. Lakini sikuwa nimelala sawasawa. Nilikuwa kijijini Kawetele, kijana wa miaka ishirini na kitu, nasikiliza fimbo ya mtu ikigonga mawe nyuma ya nyumba.

Kitivo chetu cha kinesiolojia, hiyo elimu ya mwendo wa mwili unayoisoma sasa, kingeweza kufanya jubilei yake kule mjini kilipo chuo. Kikachagua kuja huku, kwa sababu sisi wahitimu wa kwanza tulipelekwa kwenye vijiji hivi kujifunza kwa vitendo. Nilifurahi mno kuwaona wenzangu. Maisha yetu yote tumeshughulika na viungo vya watu, na mshereheshaji alipotuambia tusimame tunyooshe mikono juu, nusu yetu tulishindwa kunyanyuka kwenye viti bila kushikwa. Mlicheka, na sisi tukacheka. Ile keki ilikuwa na picha ya mtu anayekimbia. Mimi nadhani nilipewa goti lake.

Halafu ukaniwekea daftari lako mapajani, ukaenda kupiga picha. Nisamehe, nililifungua. Nilitaka tu kuona mwandiko wako. Nikakuta habari za yule mama mchuma chai aliyeumia bega, na chini yake umeandika: “Mgonjwa hana ushirikiano. Amekataa mazoezi. Napendekeza aondolewe kwenye orodha.” Uliporudi nikakuuliza, ukanijibu huku unaangalia simu, “Babu, yule mama anazingua tu. Wiki nzima namwelekeza, hataki.”

Nililifunga daftari, nikabaki nalo. Uliona kama nimekasirika, kumbe nilikuwa naona aibu, tena aibu yangu mwenyewe. Sentensi hiyo naifahamu. Niliwahi kuiandika mimi, karibu neno kwa neno, kabla mama yako hajazaliwa. Ndiyo maana nakwambia habari hii leo, kabla hujarudi hospitali Jumatatu na kukabidhi daftari.

Nilipewa mgonjwa mmoja Kawetele, mwanamke aitwaye Atuganile. Aliteleza kwenye utelezi akiwa na mkungu wa ndizi kichwani, akavunjika paja. Mfupa uliunga vizuri, plasta ikatolewa, ikabaki kazi ya kumfundisha kutembea upya. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Mwalimu wetu alishatuonya kwamba mguu wa namna ile ukikaa bure wiki chache, goti linakakamaa, na mtu anachechemea mpaka anazeeka. Atuganile alikuwa na watoto watatu, mdogo bado wa mgongoni, na mumewe alikuwa akishinda kiwandani kwenye chai. Asipotembea yeye, nyumba ile ilikuwa imekwama.

Nikaenda kwake asubuhi moja, ukungu umekaa juu ya migomba, sioni hata mlima. Nilikuwa nimevaa koti jeupe. Hee, lile koti! Nilikuwa nalifua mwenyewe kila jioni ili lisikose kung'aa. Nikapima njia kwa hatua zangu, nikachomeka vijiti kumi kuanzia mlangoni kwake mpaka barabarani. Ilikuwa njia pekee iliyonyooka, kavu, isiyo na utelezi. Ila ilipita mbele kabisa ya baraza ya nyumba ya juu, na barazani alikuwa amekaa mzee Ambakisye akisuka kikapu. Nilimwamkia. Alikuwa baba wa mume wa Atuganile.

Wewe umekulia mjini, kwa hiyo nakueleza. Kwetu Wanyakyusa, mkamwana hapiti mbele ya baba mkwe wake. Hamtazami, hamtaji jina, na wakikutana njiani mwanamke anajitenga pembeni mpaka mzee apite. Zamani vijana walijenga kijiji chao mbali na baba zao, basi haikuwa taabu. Lakini ardhi ilikuwa imeshabana, na mume wa Atuganile alijenga hatua chache tu chini ya nyumba ya baba yake. Kila siku ya maisha yake mwanamke yule alikuwa akizunguka nyuma, kwenye migomba, penye mteremko na matope. Na mimi mtaalamu nilishampiga marufuku kupita huko, asije akaanguka tena.

Hayo yote niliyajua, mwanangu. Sikiliza vizuri hapo. Nilizaliwa Lupepo, niliyaona kwa mama yangu mzazi. Sikukosea kwa kutojua. Nilijua nikajifanya sijui, kwa kuwa mwalimu wetu alitoka mbali na niliwahi kumsikia akicheka mila za watu, nami nikaogopa kuchekwa. Nikajiambia hayo ni mambo ya kale, mimi ni mtu wa sayansi.

Atuganile alitembea mpaka kijiti cha tatu, akakaa chini. Akajifunika khanga usoni.

“Mama, jitahidi kidogo,” nikamwambia.

“Mguu hautaki,” akasema.

Kesho yake hivyo hivyo. Siku ya tatu, ya nne, kijiti kile kile. Sikumuuliza kitu. Naye angenijibu nini, mimi kijana wa kiume, na jina lenyewe la mkwe halitamkwi mdomoni mwake? Alikuwa anatazama mguu wake na machozi yanamtoka, na mimi naandika. Naona vibaya mpaka leo nikikumbuka jinsi kalamu yangu ilivyokuwa inakwenda upesi.

Jioni ya siku ya tano nilikuwa Lupepo kwa bibi yangu, tunamenya maharage jikoni. Nilikuwa najisikia msomi, nikamsomea ripoti. Mgonjwa hana ushirikiano, amekataa mazoezi, aondolewe kwenye orodha. Bibi hakujua kusoma, lakini kusikiliza alijua. Akaniuliza kwa Kinyakyusa, nami nakupa kwa Kiswahili.

“Nyumba ya juu yake ni ya nani?”

“Ya mzee Ambakisye, baba mkwe wake.”

Mikono yake ikasimama juu ya ungo. “Na wewe ukampitisha pale?”

“Bibi, ndiyo njia kavu.”

“Wewe ulizaliwa wapi?”

Niliinamia maharage. Moshi ulikuwa unaniingia machoni, nikashukuru kwamba kuna moshi.

“Basi andika na hilo,” akasema. “Andika kwamba mgonjwa alikuwa anataka kutembea, na wewe ndiye uliyekataa.”

Akaendelea na maharage yake. Hakunigombeza tena, wala hakunitazama.

Asubuhi nilikwenda Kawetele bila koti. Nikapitiliza nyumba ya Atuganile, nikapanda mpaka barazani kwa mzee. “Shikamoo, tata,” nikasema, ndivyo tunavyomwita baba, nikamweleza yote, hata yale ya kujifanya sijui. Nilitegemea anifukuze. Alinisikiliza mpaka mwisho, kikapu kiko magotini, kisha akatikisa kichwa.

“Nilikuona na vijiti vyako,” akasema. “Ile siku ya kwanza nilishtuka. Kuanzia pale, kila nikisikia unakuja, naingia ndani nafunga mlango ili yule mtoto apite. Juzi nilikwenda kabisa shambani. Lakini yeye atajuaje kama nimo au simo?”

Mwanangu, mzee wa watu alikuwa anajificha ndani ya nyumba yake mwenyewe ili mkamwana wake apone, na mimi mwenye kulipwa na taifa kusoma, nilikuwa napita mlangoni pake na sioni kitu.

Hakungoja nimwombe. Alichukua jembe akaenda nyuma, akaanza kukata njia mpya kwenye mteremko. Alikata ngazi, moja baada ya nyingine, fupi fupi, za mguu unaouma. Mimi nilibeba yale mawe mepesi ya volkano kutoka kijitoni, yeye akayapanga ili maji yapite na unyayo usiteleze. Kazi ilichukua siku tatu. Muda wote huo Atuganile alikaa ndani kwake, lakini dirisha lake la nyuma lilikuwa wazi, na najua alikuwa anasikia jembe.

Siku ya nne nikamwambia, “Mama, kuna njia nyingine.” Akatoka na fimbo yake. Alipoiona ile njia alisimama pale kitambo, ukungu unapita katikati yetu, halafu akapanda ngazi ya kwanza. Sikumwambia ajitahidi. Alipita umbali wa kijiti cha tatu, mahali ambapo hapakuwa na kijiti.

Wiki zile zilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kuishi kwenye kazi hii. Kila asubuhi yeye anatembea nyuma, na mzee amekaa barazani mbele, ameipa njia mgongo, anasuka. Hakumwona hata siku moja akitembea. Alikuwa anamsikiliza. Nikimaliza nazunguka kumuaga mzee, naye ananiambia, “Leo amepumzika mara mbili tu,” au, “Leo ngazi ya kati imemsumbua.” Alikuwa hakosei. Fimbo ikigonga jiwe, tok, anajua ni jiwe gani, maana aliliweka kwa mkono wake.

Asubuhi moja nilimkuta ameacha kusuka. Ana wasiwasi usoni.

“Leo fimbo sijaisikia,” akasema. “Anaumwa?”

“Hapana, tata. Amepita bila fimbo.”

Akavua kofia yake, akaiweka juu ya goti. Akatazama mbele, ambako hakukuwa na kitu ila ukungu. “Ndaga,” akasema taratibu. “Ndaga fijo.” Nami hadi leo sijui shukrani ile alikuwa anampa Mungu, au mimi, au ule mguu. Nililia njia nzima mpaka Tukuyu mjini.

Ripoti ile niliichana, nikaandika nyingine yenye ukweli wote, pamoja na kosa langu. Mwalimu alinipa alama za katikati. Zilinitosha.

Sasa umeniuliza mara mbili nilikwenda wapi Jumamosi mlipokuwa mnapanga mstari wa picha ya wahitimu wote. Nilipanda bodaboda nikaenda Kawetele. Nilitaka kuona kama njia ile ipo. Mzee Ambakisye alikwishafariki siku nyingi. Nyumba yake imeanguka, umebaki msingi, na maboga yametambaa mpaka pale palipokuwa baraza. Njia ya mbele imepanuliwa, pana na kavu, hakuna wa kumwepuka tena.

Nikamwona Atuganile anarudi nyumbani kutoka shambani. Nywele nyeupe tupu, jembe begani. Alipofika kwenye ule msingi akakata kona, akazunguka nyuma, akaanza kushuka zile ngazi kwenye migomba, mguu wake uko sawasawa.

Nikamwita, “Mama, mbona hupiti huku mbele? Si kumebaki maboga tu?”

Akanitambua. Akacheka, ameziba mdomo kwa kiganja kama enzi zile.

“Nitapitaje huko, baba?” akasema. “Hii nilikatiwa mimi.”

Akaendelea kushuka. Nilisimama pale nikimsikiliza mpaka hatua zake zikaisha.

Kwa hiyo, mwanangu, huyo mama wa bega, sijui kwa nini hainui mkono. Wewe pia hujui, na umeshaandika. Labda ni maumivu tu. Labda ni kitu ambacho hawezi kukwambia mbele ya watu, au kimo kwenye hicho chumba ulichompeleka, au kwenye namna unavyomshika. Mtu akikataa kutembea, tazama kwanza njia uliyompa. Na kama jibu unalijua moyoni lakini unaona haya kulisema mbele ya wasomi wenzako, hapo ndipo uogope zaidi, maana hapo ndipo nilipoangukia mimi. Jumatatu usianze na daftari. Anza kwake. Mwamkie, kaa chini, muulize habari za nyumbani, umsikilize bila haraka.

Mungu akupe masikio kama ya yule mzee, aliyejua hatua za mtu asiyemtazama. Akujalie watu wa kukukatia njia pale mguu wako utakapogoma, maana utagoma, hakuna asiyefika huko. Na siku kitivo chenu kitakapowaita na nyinyi, mmezeeka, mnashikwa mikono kunyanyuka kwenye viti, awepo mtu mmoja kijijini anayetembea kwa ajili yako. Daftari lako hili hapa. Ule ukurasa sijauchana, nimekuachia mwenyewe.